Maisha ya Tabibu Frantz Fanon, na Funzo Lake kwa Wenye Kuuguza Wagonjwa wa Akili

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kueleza maisha ya wanavyuoni wetu, ili vijana wapate kuwajua na kufuata nyayo zao. Mara hii tutaeleza maisha ya mtu ambaye hakuwa mwanachuoni wa dini, wala hakuwa Muislamu. Huyu ni Frantz Fanon, tabibu wa maradhi ya akili. Jina lake lajulikana sana kwa siasa ya kupigania uhuru wa Afrika, lakini khabari za utabibu wake hazijulikani na wengi.

Huenda akatokea mtu akauliza: jambo hili lina nini na darasa yetu? Jawabu ni kuwa tabibu huyu aliwekwa juu ya wagonjwa Waislamu, akawauguza kwa njia isiyowafaa, kisha akatambua kosa lake, akalikiri waziwazi na akalitengeneza. Nasi huku bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hata Changamwe na Kisauni, tuna wagonjwa wa akili majumbani mwetu. Makosa yetu juu yao ni mengi, na wenye kuyakiri ni wachache.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 katika mji wa Fort-de-France, kisiwa cha Martinique, katika Bahari ya Karibi, kisiwa ambacho kiko chini ya Ufaransa hata leo. Wakazi wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha na mama yake alikuwa na duka, kwa hivyo mtoto alipata kusomeshwa. Alisoma katika skuli aliyokuwa akifundisha mshairi Aimé Césaire, na huko akakulia katika fikra za watu weusi waliotaka kujua heshima yao.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vikiendelea, alijiunga na jeshi la Wafaransa waliokataa kumtii Hitler. Akapita Afrika ya Kaskazini, akavuka kwenda Ulaya, akajeruhiwa mwishoni mwa mwaka 1944 na akapewa nishani. Lakini alichokiona jeshini kilimuumiza kuliko jeraha. Aliona kuwa askari mweusi huitwa ndugu wakati wa risasi, na risasi zikinyamaza hurudishwa mahali pake pa chini.

Baada ya vita alisoma utabibu katika mji wa Lyon, Ufaransa, akahitimu mwaka 1951. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha kwanza, juu ya madhara ambayo dharau ya rangi huyatia ndani ya nafsi ya mtu mweusi. Mwaka huo huo wa 1952 aliandika makala juu ya vibarua wa Kiarabu waliotoka Afrika ya Kaskazini kwenda kufanya kazi Ufaransa. Watu hao walikuwa wakienda kwa matabibu wakilalamika maumivu mwili mzima, na matabibu, wasipoona jeraha wala uvimbe, wakawahukumu kuwa ni wavivu na waongo. Fanon alieleza kuwa maumivu yale yalikuwa ya kweli. Mtu aliye mbali na mke wake, watoto wake na watu wa kwao, anayelala chumba kimoja na wageni na kudharauliwa njiani, huuma mahali ambapo tabibu hapaoni kwa macho.

Kisha akaenda kujifunza zaidi katika hospitali ya Saint-Alban, kwa François Tosquelles, tabibu wa Kispania aliyeikimbia serikali ya Franco. Huko alifundishwa jambo ambalo hakuliacha maisha yake yote: kuwa hospitali ya akili nayo yaweza kuwa mgonjwa. Ikiwa wagonjwa wamefungiwa bila kazi, bila mazungumzo na bila kuulizwa neno, hospitali yenyewe huzidisha maradhi. Basi dawa iende pamoja na maisha: mikutano, kazi za mikono, michezo, na mgonjwa kuwa na sauti katika mambo ya nyumba anayokaa.

KAZI YAKE BLIDA

Mwezi wa Novemba 1953 Fanon alipewa kazi katika hospitali kubwa ya maradhi ya akili ya Blida-Joinville, karibu na mji wa Algiers. Aljeria ilikuwa imeingiwa na Wafaransa tangu mwaka 1830, na utengano ulikuwa umefika hata kwa wendawazimu: Wazungu mbali na Waislamu mbali. Fanon akawekwa juu ya wagonjwa wa namna mbili, wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220.

Alianza kwa bidii, akaleta njia zile alizojifunza Saint-Alban. Kwa wanawake wa Kizungu akafanya mikutano, sherehe, senema, gazeti la hospitali, na kazi za kushona na kufuma. Haukupita muda mrefu ila wodi ile ikabadilika. Waliokuwa wakikaa pembeni wakaanza kuzungumza, na makelele yakapungua. Akawafanyia wanaume Waislamu hayo hayo, kwa nia ile ile njema. Matokeo yakawa kinyume. Mikutanoni walikaa kimya. Sherehe hazikuwavutia. Gazeti halikuwafaa, kwani wengi wao hawakujua kusoma. Wakapewa kazi ya kusuka, wakaiacha, kwani waliiona si kazi ya wanaume. Na hili sisi twalifahamu upesi, kwani mwanamume wa pwani akipewa ukili asuke mbele za watu ataona amefedheheshwa. Wauguzi wakachoka, na mambo yakawa yale ya zamani.

Hapa Fanon alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Wakubwa wa utabibu wa akili wa Algiers, kiongozi wao akiwa Antoine Porot, walikuwa wakifundisha kwa miaka mingi kuwa Muislamu wa Afrika ya Kaskazini ana akili pungufu kwa maumbile yake, mwepesi wa jinai na mzito wa kufikiri. Lau Fanon angalisema kuwa watu hawa hawatengenezeki, hapana ambaye angalimlaumu. Yeye akachukua njia ya pili, akajilaumu mwenyewe. Mwaka 1954, pamoja na tabibu kijana aliyekuwa akifanya kazi chini yake, Jacques Azoulay, alichapisha makala akaeleza kuwa kosa lilikuwa lao. Walikuwa wameyachukua maisha ya Ulaya, wakawavika watu wa dini nyingine na desturi nyingine, kisha wakastaajabu kuwa vazi halikuenea.

Yafaa tuzingatie jambo hili. Fanon alikuwa mtu mweusi, adui wa ukoloni, mwandishi wa kitabu juu ya dharau ya Wazungu. Hata hivyo alikosea. Rangi yake haikumtosha, na moyo wake mwema haukumtosha, kwa kuwa hakuyajua maisha ya wagonjwa wake. Hakujua Kiarabu wala lugha ya Wakabili, akawa hasemi nao ila kwa mkalimani; na mkalimani kwa watu wale alikuwa mtu wa kortini na wa serikali, si mtu wa kufunguliwa kifua.

Basi akaanza upya. Ndani ya hospitali pakafunguliwa mkahawa kama ile ya mijini kwao, ambapo wanaume hukaa wakanywa na kuzungumza. Sikukuu za Kiislamu zikaanza kusherehekewa. Akaletwa msimulizi wa hadithi. Pakawekwa pahali pa kusali, na kiongozi wa dini kutoka mjini akawa anakuja kuwasalisha. Wengi wao walikuwa wakulima, basi wakapewa majembe na ardhi ya kulima. Pakatengenezwa na uwanja wa mpira. Fanon hakuacha dawa na matibabu mengine ya zama zake, lakini aliyaweka ndani ya maisha ambayo mgonjwa aliyatambua kuwa ni yake. Hapo ndipo waliokuwa kimya walipoanza kusema.

UCHUNGUZI WAKE

Kosa lile la mwanzo lilimfanya Fanon awe mwangalifu katika kila uchunguzi. Mwaka 1956, yeye na Charles Geronimi walieleza khabari za mtihani mmoja uliotoka Marekani, ambao matabibu walikuwa wakiutumia kupima nafsi ya mtu: mgonjwa huonyeshwa picha, akatakiwa atunge kisa juu yake. Walipowaonyesha wanawake Waislamu wa Blida, wanawake hawakutunga visa. Walitaja kitu kimoja kimoja wakanyamaza. Tabibu mwenye haraka angaliandika kuwa hawana uwezo wa kufikiri. Fanon na mwenzake walisema kuwa upungufu ulikuwa katika mtihani. Picha zile zilikuwa za nyumba, nguo na mambo ya watu wengine, na mtu hawezi kutunga kisa cha dunia ambayo hakupata kuishi ndani yake.

Mwaka huo huo, yeye na François Sanchez walichunguza namna Waislamu wa Afrika ya Kaskazini wanavyomtazama mwendawazimu. Walikuta kuwa watu wale wakiamini kuwa mgonjwa ameingiwa na majini, na kwa hivyo hawamlaumu kwa maneno yake wala vitendo vyake. Walaumiwao ni wale waliomwingia. Akipona hurudi katika watu wake bila ya aibu, na hapana amkumbushaye aliyoyafanya. Fanon hakuziamini sababu walizozitaja, lakini aliiona rehema iliyokuwamo, akaiheshimu. Nasi twajua kuwa sheria yetu imemwondolea mwendawazimu dhambi mpaka akili zimrudie. Basi rehema ile ina asili katika dini, ijapokuwa watu wameichanganya na mengi yasiyokuwamo.

MATHARI NA BLIDA

Msomaji asidhani kuwa mafundisho ya Algiers yalikuwa mbali nasi. Hapa Kenya, hospitali ya Mathari iliyoko Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya wendawazimu, iliwekwa mwaka 1938 chini ya daktari J. C. Carothers, naye akakaa nayo mpaka mwaka 1950. Daktari huyu hakuwa amesomea khasa maradhi ya akili alipopewa kazi ile. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kuwa Mwafrika hautumii sana ubongo wake wa mbele, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha risala yake nyingine juu ya Mau Mau, ambayo ndani yake vita vya kudai ardhi na uhuru vilielezwa kama mchafuko wa nafsi.

Ona tofauti ya watu wawili hawa. Wote wawili walikuta wagonjwa wasiowafahamu. Mmoja akaandika kuwa upungufu uko katika ubongo wa wale asiowafahamu. Wa pili akaandika kuwa upungufu uko katika elimu yake. Fanon alimjibu Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961, akawaonyesha watu kuwa mafundisho ya Nairobi na ya Algiers yalikuwa mti mmoja wenye matawi mawili.

VITA, UHAMISHO NA KUFA KWAKE

Tarehe 1 Novemba 1954 vita vya uhuru vilianza Aljeria. Hospitalini Fanon akawa anatibu waliopigwa na kuteswa, na mara nyingine akiwatibu wenye kutesa, kwani nao waliharibikiwa kwa kazi ile. Mmoja wao, mtu wa polisi, alifika hadi ya kuwapiga mke na watoto wake nyumbani kama alivyokuwa akiwapiga mahabusi. Fanon akaona kuwa hawezi kumtengeneza mtu mmoja mmoja ilhali dola nzima yavunja watu kwa maelfu. Mwishoni mwa mwaka 1956 aliacha kazi kwa barua, na Januari 1957 akatolewa nchini.

Akahamia Tunis, akajiunga na wapigania uhuru wa Aljeria. Utabibu hakuuacha. Katika hospitali ya Charles-Nicolle, mwaka 1958, alianzisha wodi ya mchana: mgonjwa huja asubuhi akatibiwa, na jioni akarudi kulala kwao. Makusudio yake yalikuwa mgonjwa asikatwe na mke, watoto, jirani na kazi yake. Mwaka 1960 serikali ya muda ya Aljeria ilimpeleka Accra kuwa balozi wake. Mwisho wa mwaka huo akajulikana kuwa ana saratani ya damu. Akaandika kitabu chake cha mwisho upesi upesi, na tarehe 6 Desemba 1961 akafa katika hospitali ya Bethesda, Marekani, naye ana umri wa miaka 36. Maiti yake ilirudishwa, akazikwa katika ardhi ya Aljeria kama alivyotaka. Miezi saba baadaye, Julai 1962, nchi ile ikapata uhuru, na hospitali ya Blida ikaitwa kwa jina lake.

Katika maandishi yake ya siasa yamo ambayo sisi hatukubaliani nayo, khasa maneno yake juu ya nguvu na umwagaji wa damu. Leo hatukukusudia hayo. Tumekusudia tabibu.

FUNZO LETU

La kwanza ni kuwa maradhi ya akili ni maradhi, na mgonjwa ana haki ya tabibu. Jambo hili si geni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi, akafunza kuwa huzuni na khofu huuguza kama homa inavyouguza. Hospitali ya Nuruddin ya Damascus, ya mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun ya Cairo, ya mwaka 1284, zilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili, zikiendeshwa kwa mali ya wakfu. Mababa walimtengea mgonjwa wa akili wakfu. Nasi leo tumemtengea chumba cha uani na mnyororo. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni jambo jema, wala hatusemi liachwe. Tusemalo ni kuwa kumpiga ili pepo atoke, kumnyima chakula, kumfukiza mpaka apumue kwa taabu, na kuuza shamba ili kumlipa mganga, hayo si dini.

Na mimi mwandishi nina la kukiri. Miaka kadha iliyopita niliitwa kumsomea kijana mmoja aliyekuwa hali wala halali, akisikia sauti za watu wasiokuwapo. Nilimsomea kwa muda wa miezi mitano. Sikuwauliza jamaa zake hata siku moja kama amepelekwa hospitali, kwani nilidhani kuwa nikiuliza nitakuwa nimeitilia shaka Qur'ani. Mjomba wake ndiye aliyempeleka kwa daktari, akapewa dawa, akatulia. Lakini katika miezi ile alikuwa amekwisha poteza kazi yake, na mke wake amerudi kwao. Kisomo changu hakikumdhuru. Kilichomdhuru ni kunyamaza kwangu. Fanon alilikiri kosa lake juu ya watu 220. Mimi nalikiri langu juu ya mmoja, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

La pili lawahusu matabibu. Huku kwetu wamo Waswahili, Wadigo, Wagiriama, Wakamba, Wajaluo na wengineo, na kila watu wana njia yao ya kueleza maumivu. Mama wa Likoni akisema kuwa moyo wake wamwenda mbio na kichwa kimekuwa kizito, huenda anaeleza huzuni aliyo nayo tangu alipofiwa na mtoto. Tabibu asiyejua hayo atampa dawa ya kichwa, amwage. Hospitali ya Port Reitz, huko Changamwe, hupokea wagonjwa wa akili. Basi vijana wetu wasomee utabibu na uuguzi wa maradhi haya, ili mgonjwa apate wa kumwelewa. Na maimamu wajitolee kwenda wodini kuwasalisha wagonjwa na kukaa nao, kama yule wa Blida alivyokuwa akienda.

La tatu latuhusu sote. Mgonjwa hupata nafuu akarudi mtaani, akakuta jina jipya analongoja; mahali pake barazani pamechukuliwa, na kila akasirikapo husemwa kuwa umemrudia. Mtu huyo dawa itamfaa nini? Fanon alifungua mkahawa ndani ya hospitali ili mgonjwa akumbuke kuwa yeye ni mtu. Sisi mikahawa tunayo, baraza tunazo, na misikiti tunayo. Kinachotakiwa ni kumsogelea aliyetoka hospitali, kumpa kikombe cha kahawa, kumpa kazi awezayo kuifanya, na kumwacha asimame katika safu pamoja nasi bila ya kutazamwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wenye kuwauguza, na atujaalie kuwa watu wa kuyakiri makosa yetu kabla hayajamfika mtu mwingine. Amin.